Ile meli kwenye nembo za Manchester imebeba nini?

Mechi ya watani wa Manchester inapokaribia, ubishi wa kwenye vibanda umiza huacha vikosi na kuingia kwenye historia. Atatokea wa kusema kwamba Manchester United si timu ya Manchester. Mwingine atanyoosha kidole kwenye jezi na kuuliza: mbona timu zote mbili, United na City, zisizopikika chungu kimoja, zina picha ya meli ya matanga, na mji wenyewe uko bara, hauna pwani? Na siku hizi hakosekani wa tatu, aliyesoma kwenye simu kwamba ile ni meli ya watumwa, na kwamba Mwafrika anayeivaa kifuani amevaa msiba wa babu zake.

Huyu wa tatu hakuokota maneno hewani. Mwaka 2023 gazeti la Guardian, lililoanzishwa Manchester mwaka 1821, lilichapisha uchunguzi kuhusu asili yake lenyewe. Ilibainika kwamba mwanzilishi wake na wengi wa waliomchangia mtaji walikuwa na mafungamano na utumwa, hasa kupitia biashara ya pamba. Wamiliki wa gazeti wakaomba radhi hadharani. Mjadala haukuishia hapo, ukahamia kwenye zile meli za kwenye jezi: zibaki au zifutwe? Tangu hapo kila mtu ana jibu lake, na majibu mengi niliyoyasikia ni ya neno moja. Wengine "ndiyo", wengine "hapana". Yote mawili yanapotosha. Meli ile inahitaji kufunguliwa tuone shehena yake, na ndani ya shehena hiyo kuna kitu chetu pia.

Manchester ipi?

Tuanze na jina, maana hapa ndipo watu wanapoteana mapema.

Kuna Jiji la Manchester, lenye baraza lake na mipaka yake. Sensa ya 2021 ililihesabia watu takriban 552,000. Halafu kuna Manchester Kubwa, mkoa ulioundwa mwaka 1974 kwa kuunganisha halmashauri kumi: Manchester yenyewe, Salford, Trafford, Stockport, Tameside, Oldham, Rochdale, Bury, Bolton na Wigan. Huko wanaishi karibu milioni 2.9. Mgeni akisema "nimefika Manchester" huenda amelala Salford na kunywa chai Stockport, na hajadanganya.

Mkazi wa Dar es Salaam hana haja ya ramani kulielewa hili. Mkoa wa Dar es Salaam una Jiji, ambalo ni ile iliyokuwa Ilala, pamoja na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Temeke, nje ya mipaka ya Jiji. Je, umewahi kumsikia mtu akisema kwamba Simba na Yanga wakicheza kwa Mkapa hawajacheza Dar? Ndivyo ilivyo kwa Old Trafford. Uwanja uko Trafford, hatua chache nje ya mpaka wa jiji, lakini klabu ilizaliwa ndani ya mpaka huo. Wafanyakazi wa reli wa Newton Heath, upande wa mashariki ya Manchester, waliianzisha mwaka 1878, ikachukua jina la Manchester United mwaka 1902, kisha ikahamia Old Trafford mwaka 1910. Ubishi huo tuufunge.

Mji uliokula pamba

Warumi walijenga ngome mahali hapo karibu mwaka 79 baada ya Kristo, wakapaita Mamucium, na mabaki yake yapo mtaa wa Castlefield. Kwa karne nyingi baadaye palikuwa mji wa soko tu. Kilichoubadilisha ni pamba, na pamba haioti Uingereza hata kidogo.

Pamba ikitoka shambani huchambuliwa ili mbegu zitoke. Kisha husokotwa iwe uzi, na uzi hufumwa uwe kitambaa. Hadi katikati ya karne ya 18 kusokota na kufuma vilikuwa kazi za nyumbani, gurudumu sebuleni na kitanda cha mfumi chumba cha juu. Mashine za kusokota zilipobuniwa, mashine moja ikafanya kazi ya makumi ya watu, nayo ikahitaji nguvu ya kuizungusha. Kwanza nguvu hiyo ilikuwa maji ya mto, baadaye mvuke. Mvuke unataka makaa ya mawe, na makaa yalikuwa karibu. Mwaka 1761 tajiri mmoja mwenye cheo cha kikabaila, Duke wa Bridgewater, alifungua mfereji kutoka machimbo yake ya Worsley kuelekea Manchester, na bei ya makaa mjini ikashuka hadi karibu nusu. Ukiongeza hali ya hewa ya unyevunyevu, inayosaidia uzi wa pamba usikatike mashinani, maji laini ya milima ya Pennine, na bandari ya Liverpool umbali wa kilomita 50 hivi, unapata mahali ambapo kila kitu kimekutana.

Mwaka 1801 mji ulikuwa na watu wapatao 75,000. Nusu karne baadaye walizidi 300,000. Viwanda vya pamba ndani ya Manchester vilifikia kilele cha 108 mwaka 1853.

Hata hivyo, wengi hukosea wakidhani Manchester ilikuwa viwanda tu. Kadiri miaka ilivyokwenda, kusokota na kufuma kulihamia miji ya jirani: Oldham, Bolton, Blackburn, Burnley. Manchester yenyewe ikawa zaidi ghala na soko. Ifikirie kama Kariakoo. Si kila kinachouzwa Kariakoo kimetengenezwa Kariakoo, ila mfanyabiashara wa Lubumbashi au Moroni akitaka mzigo, ndiko anakokuja kushika bidhaa kwa mkono na kupatana bei. Manchester ilikuwa Kariakoo ya nguo ya dunia nzima. Soko lake kuu, Royal Exchange, lilijaza maelfu ya wafanyabiashara chini ya paa moja, wakipatana bei kwa midomo. Hadi leo Waaustralia huita mashuka na mataulo "manchester", kwa herufi ndogo, kama vile sisi tulivyoita kitambaa fulani kwa jina la nchi kilikotoka. Nitalirudia hilo.

Umri wa miaka 17

Mwaka 1842 ni wa kukumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni ripoti ya serikali kuhusu afya ya watu wa tabaka la kazi. Ilionyesha kwamba kwa familia za vibarua na mafundi wa Manchester, wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 17. Katika wilaya ya mashambani ya Rutland, watu wa tabaka hilohilo walifikia wastani wa 38.

Takwimu hii husambazwa sana na husomwa vibaya sana. Haisemi kwamba watu walikua hadi miaka 17 wakaanguka. Wastani ni hesabu ya kugawana: akifa mtoto wa mwaka mmoja na akafa mama wa miaka 33, wastani wao ni 17, ingawa hakuna kati yao aliyekufa na umri huo. Kilichoivuta namba chini ni watoto wachanga, waliokufa kwa wingi kwa kuhara na homa katika vyumba vya chini ya ardhi, choo kimoja kikihudumia mtaa, mto ukiwa mfereji wa taka. Kwangu mimi ukweli huo ni mchungu kuliko ile tafsiri potofu. Wale waliopona utotoni waliingia kiwandani wakiwa bado wadogo, na wengine walikuwa na kazi ya kutambaa chini ya mashine inayokimbia ili kuokota mabaki ya pamba.

Wakazi hawakunyamaza. Mnamo Agosti 16, 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika katika uwanja wa St Peter's wakidai haki ya kupiga kura, maana mji huo mkubwa haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Askari wa farasi waliwavamia na mapanga. Walikufa watu wapatao 18, wakiwemo wanawake na mtoto mdogo, na mamia walijeruhiwa. Wenyeji walikiita kisa hicho Peterloo, wakikiunganisha na vita vya Waterloo vya miaka minne nyuma, ambako askari wa Uingereza walipigana na jeshi la Napoleon. Guardian lilianzishwa miaka miwili baada ya damu hiyo.

Meli inaingia kwenye nembo

Jambo la pili la 1842 ndilo linalotuhusu hapa. Manchester, iliyokuwa imepata baraza lake mwaka 1838, ilipewa nembo rasmi. Juu kabisa ya nembo kuna tufe la dunia lenye nyuki wanaoruka, ishara ya bidii ya viwandani. Nyuki huyo ndiye aliyechorwa kila ukuta, na watu kumchanja kwenye ngozi zao, baada ya shambulio la bomu la Mei 22, 2017 lililoua watu 22 kwenye tamasha la muziki jijini. Na ndani ya ngao, sehemu ya juu, kuna meli yenye matanga kamili.

Klabu za mpira zilipoanza kutafuta alama zilichukua kutoka nembo ya jiji lao, kama mtoto anavyochukua jina la ukoo. Ndiyo maana mahasimu wawili wana meli. Nembo ya sasa ya City, iliyoanza kutumika 2016, ina meli hiyo juu ya ua waridi jekundu la Lancashire, jimbo la kale lililokuwa na Manchester ndani yake, na mistari mitatu inayosimama kwa mito ya Irwell, Medlock na Irk. Ya United ina meli juu na shetani mwekundu chini yake.

Sasa tuzipime zile hadithi.

Hadithi ya kwanza: meli iko pale kwa sababu ya mfereji mkubwa unaoleta meli mjini. Si kweli, kwa hesabu ya miaka tu. Mfereji huo ulifunguliwa 1894, na nembo ni ya 1842. Meli ilitangulia maji yake kwa miaka 52. Iliwekwa kama ishara ya biashara ya nje, majora ya nguo yakienda na marobota ya pamba yakija kupitia Liverpool.

Hadithi ya pili: ni meli ya watumwa. Ikiwa maana ni meli inayosafirisha mateka kutoka Afrika, jibu ni hapana. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ilipita 1833, na kufikia 1838 waliokuwa watumwa katika makoloni ya Karibi walikuwa huru. Nembo ikaja miaka minne baadaye. Tena Manchester ilikuwa miongoni mwa miji iliyopaza sauti mapema. Mwaka 1787 mwanaharakati Thomas Clarkson alihutubia kanisani hapo, katika jengo ambalo leo ni kanisa kuu la jiji, na akashangaa kuona kundi la watu weusi wapatao 40 au 50 wamesimama kuizunguka mimbari. Ombi la kupinga biashara ya watumwa likakusanya saini zaidi ya 10,000 katika mji ambao wakati huo ulikuwa na watu kama 50,000.

Kama tungeishia hapa, mtetezi wa meli angeshangilia. Lakini fungua ngama uone shehena.

Kabla ya 1807, vitambaa vya Manchester vya mistari na vya mirabaraba vilipakiwa Liverpool na kupelekwa pwani ya Afrika Magharibi, ambako vilibadilishwa na watu. Hiyo ni shehena ya zamani. Shehena ya 1842 ilikuwa pamba mbichi, na sehemu kubwa ya pamba hiyo ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani. Kufikia 1860 Marekani ilikuwa inaipatia Uingereza karibu robo tatu au zaidi ya pamba yake yote. Nani aliilima? Waafrika na watoto wa Waafrika, watumwa, wakichuma kuanzia alfajiri chini ya mjeledi. Marekani haikukomesha utumwa hadi 1865. Kwa hiyo kwa miaka 23 baada ya nembo kutolewa, kila robota lililoteremshwa Liverpool kutoka New Orleans au Mobile lilikuwa na jasho la mtu asiyelipwa.

Kuna aliyewaambia hayo uso kwa uso. Mnamo Septemba 1859, Sarah Parker Remond, mwanamke mweusi huru kutoka Salem, jimbo la Massachusetts, alisimama mbele ya hadhira ya Manchester. Akawaambia kwamba anapotembea katika mitaa yao na kukutana na mikokoteni ya pamba, mmoja baada ya mwingine, huyafikiria mashamba 80,000 ilikolimwa, na hukumbuka kwamba katika fedha zote za pamba hiyo hakuna hata senti moja iliyofika mikononi mwa walioifanyia kazi.

Basi jibu langu ni hili. Meli ile haikubeba watumwa. Ilibeba kazi yao. Anayetaka kuiita safi asome maneno ya Remond, na anayetaka kuiita meli ya mateka asome tarehe.

Na sanduku la bibi je?

Nilitaja kitambaa kilichopewa jina la nchi. Ni merikani. Ile nguo nzito isiyopaushwa, ambayo wazee wetu waliishona mashuka, makanzu na hata sanda, haikuitwa hivyo kwa bahati. Baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Said, wafanyabiashara wa Salem, mji uleule wa Sarah Remond, walileta Zanzibar majora kwa majora ya kitambaa kutoka viwanda vya Massachusetts, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Pamba ya viwanda hivyo ilitoka wapi? Kule kule kusini kwa mashamba ya watumwa.

Na hapa tusijifiche nyuma ya kidole. Merikani hiyohiyo ilifungwa mizigo na kupandishwa bara na misafara kupitia Tabora hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa, ikawa ndiyo fedha ya njiani. Ilinunua chakula, ikanunua pembe, ikanunua na watu. Kitambaa cha pamba iliyochumwa na mtumwa wa Mississippi kiliweza kumnunua mtumwa wa Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, apelekwe kulima karafuu Unguja. Sijui mfano unaoeleza zaidi jinsi dunia ya karne ya 19 ilivyoshonwa kwa uzi mmoja.

Halafu uzi ukakatika.

Njaa ya pamba

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani. Serikali ya kaskazini iliziba bandari za kusini ili waasi wasiuze pamba. Zanzibar, merikani halisi ikaadimika, na nguo za Uingereza na za Bombay zikajaza pengo. Hata baada ya vita Wamarekani hawakulirudisha soko lao lote. Jina la merikani likabaki, ingawa mara nyingi nguo yenyewe haikuwa tena ya Marekani. Naam, huenda merikani aliyovaa babu wa babu yako ilitoka Manchester.

Lancashire kwenyewe mambo yaligeuka msiba. Viwanda vilifungwa kwa kukosa pamba, na mamia ya maelfu ya watu wakaishi kwa chakula cha msaada. Kipindi hicho, 1861 hadi 1865, wanakiita Njaa ya Pamba. Baadhi ya matajiri walitaka serikali ya Uingereza itumie manowari kuvunja zuio. Lakini Desemba 31, 1862 mkutano wa hadhara katika ukumbi wa Free Trade Hall, Manchester, ulimwandikia Rais Abraham Lincoln barua ya kumuunga mkono dhidi ya utumwa. Lincoln akajibu Januari 19, 1863, akiusifu msimamo wao kuwa ni ushujaa wa Kikristo usiopitwa na wa zama zozote wala nchi yoyote. Sanamu yake imesimama katikati ya jiji, mahali panapoitwa Lincoln Square.

Kisa hiki hupambwa kupita kiasi. Husemwa kwamba wafanyakazi wote wa pamba walikubali kulala njaa ili mtumwa awe huru. Si wote. Kulikuwa na miji ya viwanda vya nguo iliyotaka zuio livunjwe, na kulikuwa na mikutano ya kuunga mkono kusini. Mtu mwenye watoto wenye njaa ana hoja zake. Lakini waliosimama walisimama, bila kulipwa na yeyote, na kuwatia chumvi ni kuwapunguzia heshima.

Mji wa bara unajichimbia bahari

Sasa ule mfereji. Katika miaka ya 1880 wafanyabiashara wa Manchester walilalamika kwamba ushuru wa bandari ya Liverpool na nauli za reli zinawamaliza. Msomaji wa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi anakijua kilio hiki: mzigo wako unapita kwenye mlango wa jirani, na jirani ndiye anayepanga bei ya kupita. Reli yenyewe haikuwa ngeni, kwani njia ya Liverpool na Manchester iliyofunguliwa Septemba 15, 1830 ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuunganisha miji miwili kwa treni za mvuke zenye ratiba. Ila reli nayo ilikuwa na wenyewe.

Wakaamua kuileta bahari mlangoni. Kuanzia 1887 maelfu ya vibarua, wakati mwingine zaidi ya 16,000, walichimba kwa sururu, koleo na mashine za mvuke mfereji wa kilomita 58, pungufu kidogo ya safari ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo, wenye kina cha kupitisha meli za bahari kuu. Gharama ilifikia pauni milioni 15 na mradi nusura ufilisike, hadi baraza la jiji likaukopesha. Kwa kuwa Manchester iko juu ya usawa wa bahari, meli hupandishwa kwa malango ya maji. Meli huingia kwenye chumba, lango la nyuma likafungwa, maji yakaongezwa, meli ikainuka kama kopo ndani ya ndoo inayojazwa, kisha lango la mbele likafunguliwa. Ni ngazi, ila ngazi ya maji.

Pale Barton kuna kitu ambacho ningetamani kila mwanafunzi wa ufundi akione. Mfereji wa zamani wa Bridgewater ulikuwa unakatiza juu ya njia ya mfereji mpya, na meli zenye milingoti mirefu zisingepita chini yake. Mhandisi Edward Leader Williams akajenga daraja linalobeba maji: karai refu la chuma, malango pande zote mbili, linalofungwa na kuzungushwa likiwa limejaa maji yake, zaidi ya tani 1,400 kwa jumla, ili meli ipite. Lilifunguliwa 1894 na bado linazunguka.

Meli za kwanza zilipita Januari 1, 1894, na Malkia Victoria akaja kuuzindua rasmi mwezi Mei. Mwaka huohuo klabu ya Ardwick ilibadili jina ikawa Manchester City, ndiyo maana 1894 imeandikwa kwenye nembo yao. Mji wa bara ukawa moja ya bandari kubwa za Uingereza, ingawa magati makubwa yalikuwa upande wa Salford. Wapo wanaosema uadui wa mashabiki wa Manchester na Liverpool ulizaliwa siku hiyo. Mfereji ulichukua mkate wa makuli wa Liverpool, hilo halina ubishi. Lakini naamini wanaotukanana leo wanagombea makombe zaidi ya ushuru wa 1894.

Kando ya mfereji, kuanzia 1896, palijengwa Trafford Park, eneo la kwanza duniani lililopangwa mahsusi kwa viwanda. Uwanja wa United ukajengwa ubavuni mwake, na ndiyo sababu mabomu ya Wajerumani ya mwaka 1941 yaliyolenga viwanda yaliubomoa. Hadi 1949 United wakacheza nyumbani kwa City, Maine Road. Watani wa sasa wanalisahau hilo.

Kisha meli za makontena zikawa kubwa mno kwa mfereji, viwanda vya nguo vikashindwa bei na vile vya Asia, na 1982 magati ya juu yakafungwa. Leo hapo ndipo zilipo studio za BBC. Royal Exchange iliacha biashara 1968 na sasa ni jumba la maigizo, lakini juu ukutani ubao wa bei umeachwa na bei za siku ya mwisho ya soko.

Oktoba 1945

Jengo ninaloliona lina uzito kuliko viwanja vyote viwili ni ukumbi wa zamani wa halmashauri ya Chorlton-on-Medlock, barabara chache tu kutoka katikati ya jiji. Hapo, kuanzia Oktoba 15 hadi 21, 1945, ulifanyika Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika (Pan-African Congress). Mzee W.E.B. Du Bois, mwanazuoni mweusi wa Marekani, alikuwepo, na miaka yake 77. Walikuwepo Kwame Nkrumah wa Ghana ya baadaye, na wanaharakati kutoka Karibi, George Padmore na Amy Ashwood Garvey. Alikuwepo Jomo Kenyatta, ambaye miaka 18 baadaye angeongoza Kenya huru. Mikutano iliyotangulia iliomba; huu ulidai uhuru, na ulitaja migomo na nguvu ya wafanyakazi kuwa silaha.

Kwa nini Manchester na si London? Sababu moja ni ya jikoni. Ras Makonnen, mzaliwa wa Guiana ya Kiingereza, alikuwa na migahawa jijini, akaweza kuwalisha wajumbe na kusaidia kugharimia mkutano. Lakini baadaye alitoa sababu nyingine. Alisema watu weusi walikuwa na haki ya kuwa pale, kwa ajili ya ule uhusiano wa kale wa pamba, utumwa na kujengwa kwa miji ya Uingereza.

Nyuma ya ukumbi ule pamebomolewa na kujengwa upya, ni mali ya chuo kikuu sasa. Uso wake wa mbele umeachwa na nguzo zake, na kwenye ukuta kuna kibao cha kumbukumbu ya mkutano huo.